Giga Nane za Mkurugenzi

Jina lake la kwenye cheti tuliache huko huko kwenye cheti. Ofisi nzima ya leseni za udereva, kuanzia mlinzi wa getini mpaka Mkurugenzi mwenyewe, ilimwita Ongeza, naye aliitikia kana kwamba ndilo jina alilopewa siku ya arobaini yake. Alikuwa fundi wa seva. Seva, kwa asiyeijua, ni kompyuta kubwa inayokaa peke yake kwenye chumba cha baridi ikizihudumia kompyuta nyingine zote, mfano wa mpishi wa shule ya bweni: hakuna anayemwona, lakini akiugua, jengo zima litajua kabla ya chakula cha mchana.

Jina hilo alilipata kwa haki. Aliajiriwa awe karani wa kuchapa. Seva ya kwanza ilipoletwa, ilisukumiwa ndani ya stoo ya karatasi, na kwa kuwa meza ya Ongeza ndiyo iliyokuwa karibu na mlango wa stoo, wakubwa wakagundua kwamba ana kipaji. Akapelekwa mafunzo. Mkufunzi alikuwa anawahi harusi. Aliwafungulia faili moja lenye maandishi kama mayai ya chawa, akagusa kwa kidole mahali palipoandikwa herufi tatu, Xmx, na tarakimu pembeni yake.

"Hapa ndipo mnapoipimia programu kumbukumbu yake," akasema. "Ikisumbua, ongeza hapa, zima, washa. Kuna swali?"

Hakukuwa na swali. Mkufunzi akaenda zake harusini, Ongeza akarudi kazini na elimu hiyo, akaivaa kama jino la dhahabu.

Mtandao wa leseni ukilala, watu wakianza kupiga kelele kaunta, Ongeza alijifungia stoo, akaongeza tarakimu, akazima, akawasha, akatoka anafuta jasho kwenye chumba ambacho hata nzi waliona baridi. Mambo yakawa sawa. Kwamba yangekuwa sawa kwa kuzima na kuwasha tu, bila kuongeza kitu, hilo hakulichunguza. Mganga gani anafanya majaribio ya kuona kama mgonjwa angepona mwenyewe?

Hata nyumbani alikuwa hivyo hivyo. Mchuzi ukizidi chumvi, anaongeza maji. Maji yakizidi, anaongeza chumvi. Watoto wakipiga kelele anaongeza sauti ya redio. Sebule ilikuwa na makochi manne, na aliyetaka kufikia la nne alipita juu ya la pili. Mkewe, fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache na sindano mdomoni, alikuwa amekwisha kata tamaa. "Baba watoto," aliwahi kumwambia, "siku ukifa tutakuzika kwenye makaburi mawili, moja halitakutosha."

Lakini kila mtu ana kinachomkosesha usingizi, na cha Ongeza kilikuwa dirisha. Stoo ile haikuwa nalo. Miaka yote alikuwa akiingia humo asubuhi, anakaa baina ya seva inayovuma kama nyuki na kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo, na akitoka jioni humwuliza mlinzi kama mvua imenyesha. Sasa, Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta, mzee mmoja mpole ambaye kompyuta aliitumia kama kiegemeo cha gazeti, alikuwa amestaafu. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya kwanza. Kilikuwa na meza yenye kioo, kiti kinachozunguka, na dirisha la vioo viwili linalofunguka kwa nje. Ongeza alikuwa akipanda ngazi kwa visingizio, anachungulia kwenye tundu la ufunguo, anashuka. Hakutaka mshahara wala saluti za mlinzi. Alitaka lile dirisha.

Mkurugenzi alilijua hilo, maana wakubwa wana pua ya kunusa kinachokuuma. "Chumba kile kina wengi wanaokitaka, Ongeza," alimwambia siku moja kwenye korido. "Anakuja mgeni kutoka wizarani kukagua mifumo yetu. Siku hiyo ipite salama, ufunguo wako."

Ili uelewe kwa nini siku hiyo haikuwa na namna ya kupita salama, lazima nikueleze jinsi ofisi hiyo ilivyogawa kumbukumbu. Programu zao zote ziliandikwa kwa Java, na Java ina tabia za mpangaji msumbufu. Haikai kwenye nyumba kama ilivyo. Inajijengea kijumba chake cha kufikirika ndani ya nyumba yako, na kabla ya kuingia inauliza: mwisho wangu wapi? Unaitajia kiasi. Kumbukumbu hupimwa kwa giga kama mchele kwa kilo, basi unaiambia giga mbili, giga tatu, nayo inaingia. Ikishaingia, haitupi taka kila siku. Inarundika. Nafasi ikielekea kujaa ndipo inaposimamisha shughuli zote, kila mtu agande alipo, aliyeinua mguu abaki nao juu, ifagie. Ukiipa chumba kidogo inafagia mara kwa mara, chapuchapu, hata huoni. Ukiipa ukumbi, inarundika weee, halafu siku ya kufagia hapiti mtu. Wahenga waliosema ukubwa jalala hawakuiona Java, lakini walikuwa wamekaribia.

Mtu mwenye akili angempa kila mpangaji kwa kadiri ya kazi yake. Ofisi ile iligawa kwa vyeo. Kilikaa kikao, chai ikanywewa, na ajenda ilikuwa moja: mashine ina giga kumi na sita, nani apate ngapi?

Mkurugenzi alikuwa na programu iitwayo Dira. Ilionyesha miduara ya rangi: leseni zilizotoka, zilizokwama, zilizopotea, na mduara mmoja wa zambarau ambao hakuna aliyejua unaonyesha nini lakini ulipendeza. Alikuwa hajaifungua tangu alipoikatia utepe. Akapewa giga nane.

Naibu Mkurugenzi alikuwa na programu kama hiyo hiyo, ila imepungua mduara mmoja kwa heshima. Akaomba saba.

"Saba?" Mkurugenzi akaweka kikombe chini. "Saba inanipumulia kisogoni."

Akapewa nne. Mhasibu Mkuu, ambaye alisema yeye si mtu wa makuu, akapewa tatu. Hapo Ongeza akainua mkono kwa adabu.

"Wakubwa, kuna na ile programu ya kaunta. Ya kutolea leseni."

"Ya nani?" aliuliza Naibu.

"Ya wananchi."

Walitazamana. "Imebaki ngapi?"

"Moja."

"Si hiyo hapo!" akasema Mkurugenzi, na kikao kikafungwa kwa kauli moja.

Nane, nne, tatu na moja. Piga hesabu uone: kumi na sita kamili. Ongeza alijisifu kwa mgao uliokaa sawasawa kama meza ya seremala mzuri. Hakukumbuka jambo moja ambalo mke wa nyumba yoyote analijua: aliyepakua chakula chote mezani, mpishi atakula nini? Maana mashine yenyewe nayo inahitaji kumbukumbu ya kuendeshea shughuli zake. Hata hao wapangaji, kila mmoja ana mizigo ya barazani isiyohesabiwa kwenye kipimo cha ndani. Ila halikutokea baya lolote, kwa sababu moja ya ajabu: wakubwa hawakuwa wakifungua programu zao. Giga zao zilikuwa kama suti ya harusi, fahari yake ni kujua kwamba iko kabatini. Mashine ikawa inakula kiporo cha Mkurugenzi kimya kimya, na kaunta ikitoa leseni kwa giga yake moja bila kelele.

Siku ya mgeni ikafika. Korido zilipigwa deki hadi watu wakaanza kutembea kama wamebeba mayai. Na kila mkubwa akawaza, kivyake, mlango umefungwa, wazo lile lile: mgeni akiingia kwangu anikute nimeifungua. Mhasibu akafungua yake. Naibu akafungua yake. Mkurugenzi akasubiri mgeni akae, ampe kiti kizuri, akageuza skrini imtazame, akabonyeza Dira kwa kidole cha mwisho, kile chenye pete.

Ongeza alikuwa amesimama nyuma, mikono mgongoni, kichwani tayari anapanga meza ikae upande gani wa dirisha.

Mduara wa kwanza ukachanua, mwekundu. Wa pili ukaja nusu, ukasita. Wa zambarau ukatoa kipande kama cha tikiti. Kisha skrini ikawa nyeusi, na katikati yake maneno madogo meupe: programu imefungwa.

"Umeme?" aliuliza mgeni.

Taa zilikuwa zinawaka. Feni ilikuwa inazunguka.

"Hapana, mheshimiwa," akasema Mkurugenzi, shingo imemvimba. "Inapumzika."

Akabonyeza tena. Mduara mmoja, nusu mduara, giza. Akabonyeza mara ya tatu kwa kidole gumba, kana kwamba tatizo lilikuwa kidole. Mgeni, mtu mstaarabu, akasema basi tushuke tuone huku chini. Wakashuka kaunta, na huko kaunta leseni zilikuwa zinatoka kama chapati kwenye kikaango. Dada wa kaunta anapiga picha, anabonyeza, anaita. Anapiga picha, anabonyeza, anaita. Mgeni akasimama akitazama kwa furaha.

"Hii safi sana. Hii imepewa kumbukumbu kiasi gani?"

Macho yote yakamgeukia Ongeza. "Moja, mheshimiwa."

"Moja! Mnaona?" Mgeni akawageukia wakubwa. "Huku ndiko kubana matumizi. Hongereni sana." Akapanda gari akaenda.

Gari lake halijatoka getini, Ongeza alikuwa ameitwa juu.

"Funga mlango."

"Nimefunga, mzee."

"Ongeza, mimi nina ngapi?"

"Nane, mzee."

"Na wale wa kaunta?"

"Moja."

"Sasa nieleweshe taratibu, mimi sikusomea kompyuta. Mwenye moja anasimama. Mwenye nane anaanguka mbele ya mgeni. Kivipi?"

Kabla ya kupanda, Ongeza alikuwa amepitia stoo mbio kusoma seva imeandika nini, na alichokisoma kilimtoa jasho la kweli kwa mara ya kwanza katika kazi yake. "Mzee, mashine iliishiwa nafasi. Ikiishiwa kabisa, ili isife yenyewe, huwa inamtoa mmoja, wengine wapumue."

"Inamtoa nani?"

Ongeza akatazama zulia.

"Nakuuliza, inamtoa nani?"

"Inamtoa… aliyekula zaidi, mzee."

Feni ikazunguka. Chini uani mtu akacheka, si kwa hayo.

"Sheria hiyo ameitunga nani?"

"Imekuja nayo kutoka kiwandani."

"Kwa hiyo mashine imekaa, imeangalia ofisi nzima, Mkurugenzi, Naibu, Mhasibu na watu wa foleni, ikaamua wa kutupwa nje ni Mkurugenzi."

"Haijui vyeo, mzee."

"Basi ifundishwe." Mkurugenzi akafungua droo, akatoa ufunguo, akauweka mezani baina yao. "Hakuna namna ya kuiambia ianze na wadogo?"

Namna ipo. Mafundi wanaijua: kila programu unaweza kuiandikia alama, mashine ikibanwa ijue nani wa kutangulia kutolewa na nani asiguswe. Ongeza alikuwa ameisoma dakika chache kabla. Aliijua maana yake: mashine ikiona njaa, ile giga moja ya kaunta ndiyo itakayotolewa kwanza.

Akautazama ufunguo.

"Ipo, mzee."

"Na kuanzia leo," Mkurugenzi akaongeza, akisukuma ufunguo kwa kidole chenye pete, "wakubwa wote programu zetu zikae wazi kutwa. Tusikutwe tena."

Ndivyo Ongeza alivyopata dirisha. Alihamia siku hiyo hiyo, akabeba ndoo yake kwa mazoea akaiacha njiani. Alifuta vioo kwa gazeti. Akazungusha kiti mara mbili, akakisimamisha kikiwa kimelielekea dirisha, akavuta pumzi, akalifungua.

Dirisha lilitazama foleni.

Alikuwa hajawahi kulifikiria hilo. Tundu la ufunguo humwonyesha mtu dirisha, halimwonyeshi linakotazama. Chini palikuwa na ua wa saruji, mabenchi, na watu wamejifunika bahasha kichwani kwa jua. Na kuanzia wiki hiyo foleni ilikuwa haisogei. Asubuhi kaunta inafunguliwa vizuri. Wakubwa wanafika, wanafungua programu zao, zinajitanua. Mashine inasikia njaa, inatazama orodha yake mpya ya adabu, inaichukua ile giga moja. Kaunta kimya. Ongeza anashuka, anawasha. Anapanda, anakaa, anatazama nje. Kimya tena. Ile elimu yake ya harusini haikumsaidia hata chembe: aongeze nini, na giga zote zimeshagawiwa wakubwa?

Ubaya ulikuwa kwamba watu wa foleni walimwona. Mtu wa stoo hajulikani, lakini mtu aliyekaa dirishani kwenye kiti kinachozunguka ni lazima awe mkubwa, na mkubwa ni lazima awe ndiye sababu. Mama mmoja mwenye helmeti ya pikipiki mapajani alimtazama kutwa nzima bila kupepesa. Na benchi la mbele alikaa shemeji yake, kaka wa mkewe, dereva wa lori, ambaye leseni yake ilikuwa imekwisha muda na tajiri wake hamruhusu hata kuosha vioo vya gari bila leseni mpya. Huyu alikuwa analala kwao, kwenye kochi la tatu.

"Shemeji!" alipaza sauti kutoka chini. "Shemeji wa juu! Kiti kinazunguka hicho?"

Ongeza akajifanya anasoma.

"Jamani, yule pale ni shemeji yangu," akawaambia wenzake wa benchi. "Mume wa dada yangu wa tumbo moja."

"Na bado uko hapa na sisi?" akauliza yule mama wa helmeti.

"Ndiyo."

"Basi huyo si shemeji. Huyo ni jirani tu."

Benchi zima likaangua kicheko. Ongeza akafunga dirisha. Akagundua kwamba dirisha lililofungwa lina joto kuliko chumba kisicho na dirisha.

Jumapili alikaa nyuma ya mkewe akimtazama anashona. Shemeji alikuwa jikoni, sufuria zinalia. Cherehani ilikuwa inakimbia juu ya gauni la kitambaa cha bluu, na pembeni, kwenye kisahani, kulikuwa na vilebo vidogo vyeupe vilivyobanduliwa kwenye nguo kuukuu.

"Hivyo vya nini?" akauliza.

Mkewe akatoa sindano mdomoni. "Saizi."

"Saizi za nguo gani?"

"Za watu wenye hasira." Akasimamisha cherehani. "Kuna wateja, ukiwapima ukawatajia saizi yao ya leo, wanahama fundi. Kuna mwingine ni kinyume chake, kakonda kwa maradhi, hataki isemwe. Mwenye gauni hili alikuwa mnene wa kupigiwa mfano, na watu walimheshimu kwa unene ule. Sasa anataka saizi ile ile. Nikimshonea saizi ile ataonekana kafunikwa na turubai."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nashona mwili alionao, nabandika lebo anayoitaka. Anavaa, inamkaa, anaangalia lebo, anafurahi." Akarudisha sindano mdomoni, akasema kupitia ubavu wa mdomo, "Nguo haisomi lebo, baba watoto."

Cherehani ikaanza tena kukimbia. Ongeza alikaa pale muda mrefu, mdomo wazi kidogo, mpaka shemeji akaja kumwuliza kama ugonjwa huo unaambukiza.

Ukweli ni kwamba Mkurugenzi alikuwa na lebo. Baada ya kile kikao cha mgao alitaka kona ya skrini yake iandikwe idadi ya giga zake, kwa herufi nene, mgeni akiingia aone. Ongeza ndiye aliyeyaandika maneno yale: GIGA NANE. Hayakupima kitu. Yalikuwa yamebandikwa tu.

Mkurugenzi alikuwa na safari ya semina. Gari lilipotoka getini na sanduku lake, Ongeza alishuka stoo, akafungua lile faili la herufi ndogo, na mkono wake, ambao tangu azaliwe haukuwahi kupunguza kitu isipokuwa nywele, ukafuta nane ukaandika mbili. Akaisoma tena. Aliwaza: nusu siku tu. Shemeji apate leseni, mama wa helmeti aende kwake, halafu nitairudisha. Zima, washa.

Kaunta ikaamka na haikulala tena. Mashine ilikuwa imeshiba, haikuwa na sababu ya kumtoa mtu yeyote, na orodha ya adabu ikabaki haina kazi. Kutoka dirishani Ongeza aliona benchi la mbele likisimama, la pili likisogea mbele, watu wakitoka wanapuliza kadi zao kana kwamba ni chai ya moto. Alifungua vioo vyote viwili.

Hapo hapo ndipo gari la Mkurugenzi lilipoingia getini. Ndege ilikuwa imeahirishwa.

Ongeza aliruka kutoka kitini, kiti kikazunguka, akapoteza muda kukisimamisha. Alipofika kwenye ngazi simu ya mezani ilikuwa inalia nyuma yake, na mlio wa simu ya mkubwa mwenye hasira unajulikana hata kwa asiyekuwa na masikio. Akarudi, akaipokea.

"Njoo."

"Nakuja, mzee."

"Sasa hivi. Nimefungua Dira."

Kile kipande cha korido alikipita kama anayepelekwa kwa mkemia kujua majibu yake. Aliaga dirisha moyoni. Aliaga vioo, aliaga kiti. Akajiona amerudi stoo, na safari hii pengine bila hata seva ya kuongea nayo.

Mkurugenzi alikuwa amesimama nyuma ya meza, tai imelegea, kidole kinaelekea skrini.

"Umefanya nini hapa?"

"Mzee, naomba nieleze…"

"Usieleze. Tazama." Akabonyeza. Miduara yote ikachanua kwa mpigo, mwekundu, wa kijani, wa manjano, na ule wa zambarau ukiwa mzima kama sahani. Akafunga. Akafungua. Puu, imejaa skrini nzima. Mkurugenzi akamtazama kwa macho ya mtoto aliyepewa filimbi. "Haijawahi kwenda hivi. Umeniongezea, Ongeza!"

Ongeza akatazama kona ya skrini. GIGA NANE, herufi nene, haijabanduka.

"Sema ukweli. Umeniongezea kimya kimya?"

"Sikutaka kukusumbua ukiwa safarini, mzee," akasema Ongeza.

"Ngapi?"

"Kidogo tu."

"Na hapa mbona panasema nane?"

"Nilikuwa nakuja kubadilisha maandishi. Upendavyo wewe, niandike ngapi?"

Mkurugenzi alifikiri, akitazama dari kama anayechagua jina la mtoto. "Kumi."

Akaandikiwa kumi. Zile mbili hakuna aliyezigusa.

Shemeji alirudi nyumbani jioni na leseni imening'inia shingoni kama medali, akala, akafunga mkoba. "Shemeji," akasema mlangoni, "niliwaambia wewe ni shemeji yangu. Yule mama wa helmeti nimemwambia afute kauli." Mkewe akabadilisha sindano upande wa mdomo, akaliburuta kochi la tatu mpaka uani, na Ongeza akashika upande wa pili bila kubisha.

Kumbe ndani ya ofisi siri haikai, hasa siri ya fahari. Mkurugenzi aliwaonyesha wote Dira yake inavyoruka. Naibu akaingia chumba chenye dirisha, akafunga mlango nyuma yake.

"Ongeza, mimi na wewe tumetoka mbali."

"Sana, bosi."

"Sisemi unifikishe aliko yeye. Nisogeze tu."

"Nitakusogeza."

Akamsogeza: kutoka nne mpaka mbili, na kwenye kona ya skrini akaandika saba, namba aliyokuwa ameilia kikaoni. Naibu alipofungua alishika kifua. Mhasibu Mkuu, ambaye si mtu wa makuu, alituma karani wake mara tatu kuuliza kama na yeye yumo. Akapunguziwa, akabandikiwa tano, akaja mwenyewe kushukuru na kumshika mkono kwa mikono miwili. Kila aliyeomba aongezewe alipunguziwa, na kila aliyepunguziwa alitangaza kwamba ofisi haijawahi kuwa na fundi mkarimu kama huyu. Kiasi walichoachia wakubwa kikashuka kaunta bila kikao wala chai, na uani mabenchi yakawa yanakaliwa na paka.

Kilichobaki kumtisha Ongeza kilikuwa kimoja: siku ambayo wakubwa wangelinganisha. Ikafika. Simu ililia, mlio ule ule wa mkubwa mwenye hasira, naye akaitikia huku akilitazama dirisha la vioo viwili kama mtu anayeangalia picha ya ukutani kabla ya kuhama.

"Ongeza. Nimetoka kwa Naibu."

"Ndiyo, mzee."

"Naibu anaruka. Anaruka kama mimi. Mimi nina kumi, yeye ana saba, na tunakwenda sawa. Nimemtazama hivi, naona kuna mchezo unaendelea hapa, na nitaujua."

Ongeza akahamishia simu sikio la pili.

"Umemwongezea kwa siri, sivyo? Zaidi ya hizo saba. Kakupa nini?"

"Hajanipa kitu, mzee."

"Basi nisikilize. Chumba hicho unachokalia nilikupa mimi, si Naibu. Nataka nimwache mbali, asione hata vumbi langu. Niwekee ishirini."

"Ishirini, mzee?" Mashine nzima, na mizigo yake ya barazani, ilikuwa kumi na sita.

"Zimekushinda?"

"Hazijanishinda."

Alishuka stoo. Aliandika ishirini kwenye kona, herufi nene kuliko zote. Kule kwenye herufi tatu akafuta mbili, akaandika moja na nusu. Akazima, akawasha, akapanda ngazi taratibu, na hata hajakaa, simu ikalia.

"Umeona?" Sauti ya Mkurugenzi ilikuwa imelainika kama siagi juani, nyuma yake kulisikika kidole chenye pete kikibonyeza, kikibonyeza tena. "Umeiona mwenyewe? Tatizo lako siku zote, Ongeza, ulikuwa unanibania."

"Nisamehe, mzee," akasema Ongeza. "Nilizaliwa na mkono wa birika."